Mseja Aliyeandika Juu ya Mahaba

Karibu na mwisho wa kitabu chake, Mallanaga Vatsyayana anatoa tamko ambalo wasomaji wake wengi hawalifikii: kwamba alikitunga akiwa mseja, nafsi yake imetulia katika taamuli, na nia yake haikuwa kuwasha tamaa ya mtu. Anayekielewa sawasawa, asema, ataishia kuzitawala hisi zake. Kitabu hicho ni Kamasutra.

Ni tamko la ajabu kwa kitabu ambacho jina lake limebandikwa kwenye manukato, mafuta ya kukandia, vitabu vya picha, na tangu 1991 hata kwenye kondomu zinazotengenezwa India kwenyewe. Lakini ukikisoma chote, tamko hilo halishangazi tena. Vatsyayana alikuwa mwanachuoni, wa aina ile inayopenda kugawa mambo mafungu, kuyahesabu, na kubishana na waliotangulia. Kuna kurasa zake zinazosinzisha kama kanuni za forodha.

Aliishi kaskazini mwa India, yamkini katika karne ya 3 baada ya Kristo. Wanahistoria wamefika hapo kwa kufuata nyayo chache zilizomo kitabuni: anamtaja mfalme mmoja wa ukoo wa Satavahana, kwa hiyo hakuwa kabla yake, na hasemi lolote juu ya dola ya Gupta iliyokuja kutamba katika karne ya 4. Kazi yake aliipanga katika vitabu 7, sura 36 na mada 64. Kitabu cha pili peke yake ndicho kinachoshughulika na tendo lenyewe. Cha kwanza ni utangulizi juu ya maisha na malengo yake. Cha tatu kinahusu kuposa na kuoa. Cha nne, wake majumbani. Cha tano, wake za watu. Cha sita, makahaba na namna wanavyoendesha shughuli zao. Cha saba, dawa na vipodozi, na baadhi ya dawa hizo hata mganga mwenyewe angezitazama mara mbili.

Vatsyayana hakudai kuwa wa kwanza. Asema Prajapati, muumba, alipokwisha kuumba viumbe aliwatungia sura 100,000 juu ya malengo matatu ya maisha: dharma, yaani wajibu na uadilifu, artha, yaani mali na mamlaka, na kama, yaani matamanio na raha. Manu akachukua fungu la dharma, Brihaspati la artha, na Nandi, mtumishi wa mungu Shiva, akalifafanua fungu la kama kwa sura 1,000. Shvetaketu mwana wa Uddalaka akazipunguza hadi 500, na Babhravya wa nchi ya Panchala hadi 150. Baadaye kila mwanachuoni akajikatia kipande chake. Mmoja wao, Dattaka, aliandika fungu la makahaba, na aliombwa na makahaba wenyewe wa Pataliputra, mji ambao leo ni Patna. Vatsyayana aliona elimu imetapakaa vipande vipande, akavikusanya katika kitabu kimoja ambacho mtu angeweza kukimaliza.

Nusu ya ukoo huo ni hekaya, bila shaka. Hata hivyo, Shvetaketu ni jina ambalo Wahindu walilijua kutoka vitabu vyao vitakatifu. Katika Upanishad yeye ni kijana mwenye majivuno ya kisomo ambaye baba yake anamfundisha siri ya nafsi. Katika utenzi mkubwa wa Mahabharata anamwona Brahmin mgeni akimshika mama yake mkono na kuondoka naye, na baba anamwambia asikasirike, kwani ndiyo desturi ya zamani. Ghadhabu ya kijana huyo ndiyo inayosemwa kuleta sheria kwamba mke na mume wawe waaminifu. Aliyepewa sifa ya kuifunga ndoa kwa sheria ndiye huyohuyo anayetajwa miongoni mwa walimu wa mwanzo wa elimu ya raha. Wahindu wa kale hawakuona mgongano hapo, na huo ni ufunguo wa mengi yanayofuata.

Mizizi ya elimu hii ni ya zamani zaidi ya Shvetaketu. Katika Rigveda, mkusanyiko wa nyimbo uliotungwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, umo wimbo mmoja juu ya mwanzo wa ulimwengu, wakati hapakuwa na kuwepo wala kutokuwepo. Kitu cha kwanza kuchomoza katika giza hilo kinatajwa kuwa ni kama, mbegu ya kwanza ya akili. Yaani shauku ilitangulia vyote, kisha vingine vikafuata. Karne nyingi baadaye Brihadaranyaka Upanishad inalichukua tendo la mume na mke na kulifanya ibada: mwili wa mwanamke ni madhabahu, na anayekutana naye kwa kujua hivyo anapata thawabu ya kutoa sadaka. Upanishad hiyo inatoa hata mapishi: wali wa maziwa kwa anayetaka mwana wa namna fulani, na wali wa ufuta kwa wazazi wanaotaka binti msomi. Ombi hilo la binti msomi, katika maandiko ya umri huo, linastahili kukumbukwa.

Lakini maandiko hayohayo, mistari michache kabla, yanamwelekeza mume ambaye mkewe amemkataa ampe zawadi, na akizidi kukataa ampige kwa fimbo au kwa mkono. Tuliweke hilo pembeni kwa muda, maana Vatsyayana atakuwa na lake la kusema.

Wakati anaandika, elimu ya kama ilikuwa na maadui wa pande zote, naye anawaruhusu waseme kabla ya kuwajibu. Wengine walisema: kwa nini elimu? Ng'ombe na mbuzi wanafanya bila mwalimu. Akajibu kwamba mnyama hufuata msimu wake bila kufikiri, lakini mwanamume na mwanamke wanategemeana, na penye kutegemeana panahitajika njia. Kisha wakaja wataalamu wa mali na utawala, wale wa mrengo wa kitabu cha Arthashastra. Raha, walidai, humpotosha mtu, humpeleka kwa watu wabaya, humfilisi na kumfedhehesha. Wakatoa majina: mfalme Dandakya aliyeangamia na ufalme wake, Indra aliyemtamani Ahalya, mke wa mtu, Kichaka aliyemwandama Draupadi, Ravana aliyemteka Sita. Kwa wasikilizaji wa India haya yalikuwa mapigo mazito, maana kila mmoja wao alijua jinsi Ravana alivyoangamia.

Vatsyayana hakukana hata jina moja. Alisema raha ni riziki ya mwili sawa na chakula, na tena ni tunda la dharma na artha, kwa hiyo mtu aitumie huku akiangalia madhara yake. Akamalizia kwa lugha ya jikoni na shambani: kuwapo kwa ombaomba hakuzuii chungu kutengwa, na kuwapo kwa paa hakumzuii mkulima kupanda shayiri. Ukitazama mpangilio wake, dharma inakaa juu ya artha, na artha juu ya kama. Raha ni lengo halali la maisha, lakini ndilo la chini katika hayo matatu. Lengo la nne, moksha, yaani kufunguliwa kutoka mzunguko wa kuzaliwa na kufa, analitaja kwa kupita tu, kama jambo la uzeeni.

Mtu anayekusudiwa na kitabu anaitwa nagaraka, mwungwana wa mjini. Vatsyayana anamwelezea kwa upendo wa fundi anayeonyesha kazi yake. Nyumba yake iko karibu na maji, ina bustani, chumba cha ndani na cha nje. Kitanda kina mito pande mbili na shuka jeupe. Kinanda cha nyuzi kimening'inia kwenye kigingi, na karibu yake kuna ubao wa kuchorea, kitabu na mashada ya maua. Kila siku anaoga. Kila siku ya pili anakandwa mafuta. Kila siku ya nne ananyoa. Baada ya kula anawafundisha kasuku kusema, anaangalia mapigano ya majogoo na kondoo dume, analala mchana, na jioni huenda kwenye mazungumzo na muziki. Zipo pia sanaa 64 za kujifunza, kwake na kwa wanawake: kuimba, kupiga ala, kuchora, kupanga maua, kutega vitendawili, kupika, hata useremala. Mpenzi mwema kwa kipimo hiki ni mtu mwenye mazungumzo. Asiyejua lolote nje ya kitanda atakuwa mzigo baada ya wiki moja.

Huyu ni mtu mwenye fedha na nafasi, wala Vatsyayana hafichi. Mkulima anayeamka alfajiri kulima mpunga hayumo katika picha hii, isipokuwa pale binti yake au mkewe anapoingizwa kwa njia ambayo tutaiona.

Sehemu inayonivutia zaidi mimi ni ile isiyochorwa kamwe katika vitabu vya picha. Ni juu ya nani anayepaswa kusoma. Wanachuoni fulani walipinga wanawake kufundishwa elimu hii kwa kuwa hawana ruhusa ya kusoma maandiko ya kitaalamu. Vatsyayana akawajibu kwamba wanawake wanayatenda, na utendaji unatoka katika elimu hata kama mtendaji hakusoma. Na tena wapo makahaba, mabinti wa wafalme na mabinti wa mawaziri walioisoma barabara. Msichana na ajifunze kabla ya kuolewa, na baada ya kuolewa aendelee kwa ridhaa ya mumewe. Anafundishwa na nani? Na binti wa yaya aliyelelewa pamoja naye na ambaye ameshamjua mwanamume, au rafiki wa kuaminika, au mama mdogo wa umri wake, au mtumishi mzee wa nyumbani, au dada yake. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa zaidi: huyo ni kungwi, kwa jina lingine na katika nchi nyingine, na kazi yake ni ileile, faraghani, kati ya mwanamke na mwanamke.

Kisha harusi. Kwa siku tatu za mwanzo mume na mke hulala chini, hawakutani, na chakula chao hakina chumvi. Zinafuata siku saba za kuoga kwa nyimbo, kujipamba, kula pamoja na kutembelea jamaa. Hapo tu ndipo mume anaanza kumsogelea mkewe, usiku, penye faragha, hatua kwa hatua: neno, kisha mkono, kisha tambuu ya kinywani, kisha maswali madogo ambayo bibi harusi anaweza kuyajibu kwa kutikisa kichwa. Anayempata mkewe kwa nguvu kabla hajamwamini, aonya Vatsyayana, anamfanya alichukie tendo lenyewe, na huenda akawachukia wanaume wote. Mfano wake ni maua: yanataka kushikwa taratibu.

Turudi sasa kwenye ile fimbo ya Upanishad. Maandiko matakatifu yalimruhusu mume kupiga. Kitabu cha kidunia, kilichotungwa karne nyingi baadaye, kinamwambia asubiri. Sidhani Vatsyayana alijiona mtetezi wa wanawake. Hoja yake ni ya mtaalamu: nguvu inaharibu kazi. Lakini hoja ya mtaalamu imemlinda bibi harusi pale ambapo ibada haikumlinda.

Hata raha ya mwanamke inajadiliwa kama suala la kisayansi. Shvetaketu anatajwa akidai kwamba mwanamke hafiki kilele kama mwanamume, bali hutulizwa tu. Wafuasi wa Babhravya wanasema mwanamke ana furaha tangu mwanzo hadi mwisho. Vatsyayana anazipima hoja na kuamua kwamba raha ya wote wawili ni ya namna moja, kwa kuwa ni wa jinsi moja ya viumbe na wanafanya kazi moja, ingawa kila mmoja ana nafasi yake katika kazi hiyo. Matokeo yake ni ya kivitendo: mwanamume asimalize haja yake na kugeukia ukutani, mwanamke atangulie. Madaktari wa Ulaya wa karne ya 19 walikuwa bado wanabishana kama jambo lenyewe lipo.

Mtu akiishia hapo atamwona Vatsyayana kama mwenzetu wa leo, na atakuwa amekosea. Kitabu cha tano kinafundisha namna ya kuwapata wake za watu, kwa mbinu za mawasiliano, makuwadi na ishara, kisha mwishoni kinadai lengo ni kuwasaidia wanaume kuwalinda wake zao. Wengi wameguna kwa utetezi huo, na mimi naguna nao. Katika sura ya wakubwa, mwandishi anaeleza kwa sauti ileile tulivu kwamba kijana aliye mkuu wa kijiji au ofisa wa mashamba anaweza kuwapata wanawake wa kijijini kwa neno moja tu, wanapokuja kazini kwake kujaza maghala, kusafisha nyumba au kuchukua pamba ya kusokota. Hapo hakuna maua wala siku tatu bila chumvi. Upole ulikuwa wa bibi harusi wa tabaka lake; mwanamke wa ghalani hakuandikiwa sura ya kumtuliza.

Vivyo hivyo katika mapigo ya mahaba, ambayo yalikuwa desturi katika baadhi ya majimbo. Anayaorodhesha, lakini anawataja watu watatu waliovuka mpaka: mfalme wa Chola aliyemuua kahaba Chitrasena, Shatakarni, huyo mfalme wa ukoo wa Satavahana, aliyemuua malkia Malayavati, na jemadari Naradeva aliyemtoboa jicho mchezaji ngoma. Anasema mtu aliyepofushwa na hamu ni kama farasi aliye mbioni, haoni shimo. Ni maonyo haya ya vifo yaliyowapa wanahistoria lile jina la mfalme lililosaidia kukadiria umri wa kitabu.

Nje ya maktaba ya Vatsyayana, India ilikuwa na sauti nyingine kubwa, ya msituni na pangoni. Kwa watawa, kama ndiyo mnyororo. Bhagavad Gita inaitaja tamaa kuwa adui wa mtu, kisha mahali pengine humo mungu Krishna anajitambulisha kuwa ndiye kama isiyopingana na dharma. Ubishi mzima umo katika kitabu kimoja. Hekaya iliyopendwa zaidi ni ya Kamadeva, mungu mwenye upinde wa muwa, uzi wa nyuki na mishale mitano ya maua. Miungu walimtuma amchome Shiva, aliyekuwa amezama katika taamuli, ili ampende mungu wa kike Parvati na kuzaa mwana wa kulishinda jitu Taraka. Shiva alifungua jicho la tatu na kumteketeza. Mtawa alishinda, lakini kwa muda. Shiva alimwoa Parvati hata hivyo, na Kama aliyepoteza mwili akaitwa Ananga, asiye na kiungo, akawa mgumu zaidi kumkwepa kwa kuwa haonekani tena.

Wapo walioishi ubishi huo miilini mwao. Msafiri wa Kichina Yijing, aliyekuwa India mwishoni mwa karne ya 7, anasimulia juu ya mwanachuoni Bhartrihari aliyeingia utawani na kutoka mara saba, kiasi cha kuweka gari nje ya lango la monasteri ili tamaa ikimzidi aondoke. Jina hilohilo ndilo linalobebwa na beti mia za mapenzi na beti mia nyingine za kuukana ulimwengu.

Mawe pia yaliingia katika mjadala. Wafalme wa Chandela walijenga mahekalu ya Khajuraho kati ya 950 na 1050 hivi, na mfalme Narasimhadeva I alijenga lile la jua huko Konark katikati ya karne ya 13. Kuta zao zina watu waliokumbatiana, mbele ya macho ya kila mwenye kuja kuabudu. Wageni huenda wakidhani watakuta Kamasutra imechongwa. Huko Khajuraho michongo ya namna hiyo haifiki hata sehemu moja ya kumi. Iliyobaki ni miungu, wanamuziki, askari, tembo, mwanamke anayetoa mwiba mguuni. Maelezo ya kwa nini michongo ya mahaba imewekwa ni mengi: baraka ya uzazi, mafundisho ya tantra, kinga dhidi ya husuda na radi. Mimi naegemea kwa wale wanaosema hekalu lilikusudiwa kuonyesha ulimwengu mzima, na ulimwengu ungekosa kitu bila hao waliokumbatiana.

Baada ya Vatsyayana, elimu yenyewe iliendelea kupungua upana. Yashodhara aliandika sherehe ndefu ya Kamasutra, yaani ufafanuzi wake, katika karne ya 13, iitwayo Jayamangala, na bila hiyo mistari mingi ya Vatsyayana isingefahamika. Lakini kilichopendwa ni vitabu vyepesi. Ratirahasya cha Kokkoka kiliwagawa wanawake mafungu manne, kuanzia padmini wa maua ya yungiyungi hadi hastini wa tembo, mgawo ambao Vatsyayana hakuujua. Ananga Ranga cha Kalyanamalla kiliandikwa kwa ajili ya Lad Khan, mtukufu Mwislamu wa enzi za utawala wa Walodi, kikiwa na lengo la kumsaidia mume asimchoke mke wake mmoja. Mafunzo ya aina hiyo yaliingia katika Kiajemi na Kiurdu, yakasomwa katika nyumba za masultani. Mwungwana mwenye kinanda na ubao wa kuchorea alitoweka njiani. Wakabaki mume, mke na orodha.

Katika sehemu iliyobaki ya kisa hiki, pwani yetu inaingia kupitia mtu mmoja. Desemba 1856, miezi miwili baada ya Sultani Sayyid Said kufariki, Richard Francis Burton aliteremka Unguja. Afrika Mashariki inamkumbuka kwa Ujiji na kwa ugomvi wake na John Hanning Speke juu ya chanzo cha Nile. Kabla ya hapo alikuwa ofisa wa jeshi India tangu 1842, akijifunza lugha moja baada ya nyingine, Kihindustani, Kigujarati, Kimarathi, Kisindhi, Kiajemi, na kuchungulia desturi ambazo maofisa wenzake waliona haya hata kuziuliza. Alipofika Unguja alikuta forodha ya Sultani imekodishwa kwa Mabaniani wa Kachi, kampuni ya Jairam Shivji, na mwendeshaji wake akiwa Ladha Damji. Kwenye maandalizi ya msafara huko Kaole, Ladha na karani wake Ramji walisemezana kwa Kikachi mbele ya Burton, wakikubaliana kwamba Mzungu huyu hataweza kuvuka Ugogo. Burton alielewa kila neno, akawajibu papo hapo kwamba atavuka.

Njiani, kiungo cha msafara kilikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India, na kurudi huru baada ya bwana wake kufa. Kwa kuwa Speke hakujua Kiswahili, amri nyingi za safari ile ya kwenda Ziwa Tanganyika zilipita kwa Kihindustani kabla hazijawafikia wapagazi. Na mwaka 1857, msafara ukiwa njiani kwenda Kazeh, jirani na Tabora ya leo, Bunge la London lilipitisha sheria ya kuyakamata na kuyateketeza machapisho machafu. Burton atakutana na sheria hiyo baadaye.

Rafiki yake, Forster Fitzgerald Arbuthnot, alikuwa mtumishi wa serikali huko Bombay. Mwaka 1873 walijaribu kuchapisha Ananga Ranga kwa Kiingereza. Mchapaji alipotoa nakala chache za majaribio na kuzisoma, aliogopa na kuacha kazi. Lakini katika kuitafsiri, mapandit, yaani wanachuoni wa Kihindu, waliokuwa wakisaidia walikuwa wanamtaja Vatsya kila mara. Huyu Vatsya ni nani? Nakala iliyopatikana Bombay ilikuwa na mapengo, ikabidi nyingine ziagizwe kutoka Benares, Calcutta na Jaipur, zilinganishwe neno kwa neno pamoja na sherehe ya Yashodhara. Kazi hiyo ilifanywa na pandit Bhagavanlal Indraji, na Shivaram Parashuram Bhide akashiriki kuitia katika Kiingereza. Arbuthnot akainyoosha, Burton akaipiga msasa.

Kitabu kilitoka 1883 kikiwa na jina la chama cha kubuni, Kama Shastra Society ya London na Benares, chenye wanachama wasiozidi vidole vya mkono. Kiliandikwa kuwa ni cha mzunguko wa faragha, na majina ya watafsiri hayakuwekwa. Ujanja ulifanikiwa. Mwaka 1885 Isidore Liseux alikitoa Paris kwa Kifaransa, akitafsiri kutoka Kiingereza. Mwaka 1897 Mjerumani Richard Schmidt alitafsiri kutoka Kisanskriti chenyewe, na kila alipofika penye moto aligeukia Kilatini, ili wasomi tu waungue. Uingereza na Marekani ziliruhusu kuuzwa hadharani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hapo wachapishaji wakagundua kwamba kitabu cha pili kinauzika bila vile sita vingine. Mwanachuoni Wendy Doniger na mwanasaikolojia Sudhir Kakar walipotoa tafsiri yao mpya mwaka 2002, walionyesha pia kuwa toleo la 1883 lilikuwa limepunguza sauti za wanawake: pale ambapo Kisanskriti kinamruhusu mke kumkaripia mume mkosaji, Kiingereza kilimtaka awe mpole.

Bhagavanlal Indraji hakuishi kuona sehemu kubwa ya hayo. Alizaliwa Junagadh, Gujarat, mwaka 1839, na alianza utaalamu wake kijana kabisa kwa kunakili maandishi ya kale yaliyochongwa kwenye mwamba wa Girnar. Alizunguka India hadi Nepal akisoma maandishi ya mawe, na 1869 huko Mathura aligundua kichwa cha nguzo chenye simba, kilichojaa maandishi ya watawala wa Kishaka. Alifariki Bombay mwaka 1888. Jiwe la Mathura liko British Museum, London, mji uleule uliotajwa kwenye ukurasa wa mbele wa Kamasutra ya 1883, ukurasa ambao jina la Bhagavanlal halikuwekwa.